Uzi: Boti ndogo ya kutembelea na kulala baharini, tuipange vipi hadi familia itake kurudi tena?

Tezi_na_Omo

Wakuu, heshima mbele.

Humu ndani haipiti wiki bila mtu kuulizia boti ya mtumba: futi 24, futi 26, faiba, kakabini mbele, imeshushwa kutoka Dubai au Japan. Na kila mara mjadala unaishia kwenye injini. Ni tustroku au fostroku, imetembea masaa mangapi, inakunywa lita ngapi. Atakayeuliza abiria wakae wapi jua likiwa la utosi, au mama watoto ajisaidie wapi, hakuna. Ndiyo maana pale Msasani, Dar, yapo maboti mazuri kabisa yanayoelea kwenye maboya mwaka mzima. Mwenyewe akitoka anatoka na washkaji wa kuvua, familia ilishanawa mikono.

Basi leo tuongelee starehe. Boti ndogo, watu wanne, kulala usiku mmoja hadi mitatu kwenye visiwa: Mbudya, Bongoyo, Sinda, Unguja, na wenye moyo hadi Mafia. Nawawekea ninavyopanga mimi, mtakosoa.

Jambo la kukubali mapema ni kwamba wengi waliochora hizi boti walikuwa wanawaza baridi. Kabini imezibwa, kioo cha mbele hakifunguki, sakafuni zulia, viti vya rekseni nyeusi. Kwenye nchi za baridi wanataka joto libaki ndani. Sisi mwezi wa pili bahari yenyewe ina nyuzi karibu 29 na usiku hewa haipoi sana chini ya hapo, ukijifungia humo unachemka. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuipanga boti huku ni kuifungua, na nusu ya vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya boti hutavihitaji kabisa.

Kivuli ndicho cha kwanza, na sijaona cha pili kinachokikaribia. Paa lianzie kwenye kioo cha dereva hadi karibu na injini, mtu mzima asimame bila kuinama. Fremu iwe ya bomba la stenlesi daraja la 316. Mafundi mageti wengi wanalo la 304, siku ya kwanza linang'aa vilevile, lakini chumvi hulitia madoa ya kutu mapema. Mabomba ya maji ya kawaida msijaribu. Kitambaa cha akriliki cha boti ni ghali na mara nyingi unaagiza, ila kinastahimili jua kwa miaka na kinapumua. Turubai la PVC, lile la malori, lipo kila kona na halivuji, lakini ni zito na chini yake panakuwa na fukuto. Ukiamua PVC, juu iwe rangi ya maziwa. Upande wa chini usiwe mweupe wa kung'aa, maana mng'ao wa maji unagonga pale na kurudi machoni.

Mwambie fundi ashone na mapazia mawili ya pembeni, ya kushusha na kupandisha. Jua la saa tisa hadi magharibi linaingia kwa ubavu, paa peke yake halilizuii. Hapa ndipo watu wengi wanapobania hela, halafu jioni nzima wanahama upande mmoja kwenda mwingine na taulo kichwani. Na paa lote likunjike. Kusi, ule upepo wa kusini, ikivuma, paa lililosimama linashika upepo na nanga inaanza kuburuzika.

Hewa nayo. Boti ikiwa kwenye nanga inaelekeza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo wenyewe, hata usipofanya kitu. Kidirisha cha juu ya kitanda cha mbele kikifungukia mbele, hewa inaingia bure. Vingi hufungwa kiwandani vikifungukia nyuma, ili mkienda maji yasirukie ndani. Kama fremu yake inaruhusu, fungua skrubu ukigeuze. Hairuhusu? Shonesha mdomo wa kitambaa wa kutegea upepo, uuvalishe juu yake usiku. Halafu hewa ipate pa kutokea, mlango wa kabini uwe wa wavu badala ya ubao.

Godoro lisilale juu ya faiba tupu. Jasho na mvuke wa miili yenu hauna pa kutokea, alfajiri ukiligeuza chini pameloa, wiki ya pili linanuka. Weka chaga kama za kitanda cha nyumbani, hewa ipite. Na shuka zilizoingia maji ya chumvi zikifuliwa kwa maji yasiyo na chumvi tu ndipo zinakauka kweli, chumvi ikibaki inavuta unyevu kila usiku.

Umeme namuachia FundiWaya, najua yupo humu anasoma kimyakimya.

Mlenga_Ngalawa

Nimevuta mkeka. Sisi wa ngalawa tupo tunasoma tu.

FundiWaya

Nipo mkuu, umeniwahi.

Kabla hujanunua chochote piga hesabu ya matumizi ya saa 24. Boti ya watu wanne: feni mbili za volti 12, kila moja ampea 0.4, zikitembea saa kumi ni 8Ah, yaani ampea-saa 8. Taa za LED za ndani pamoja na taa ya nanga inayokesha, weka 5Ah. Simu na redio ya mawasiliano ya VHF, 6Ah. Hapo bado uko chini ya 20Ah, betri yoyote ya maana inabeba.

Sasa ongeza friji. Friji ya kompresa ya lita 40 ikiwa inazunguka inakula wati kama 45, yaani ampea karibu 4. Kwa joto letu inazunguka karibu nusu ya muda wote, ikifunguliwafunguliwa na watoto ndiyo kabisa. Hiyo ni 40Ah na zaidi kwa siku. Maana yake friji peke yake inakula mara mbili ya vingine vyote ukivijumlisha. Ndiyo maana nasema swali la umeme wa boti ndogo ni moja tu: unataka friji au hutaki?

Ukitaka: betri ya asidi ya 100Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50Ah, haikufikishi asubuhi ya pili. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ukubwa huohuo inakupa 80 hadi 90Ah, na uzito wake ni kilo 11 hadi 13 wakati ya asidi inakaribia 30. Juu ya paa weka paneli ya wati 200 na kontrola ya MPPT, ile inayosimamia chaji ya paneli. Siku ya jua zuri Dar, ukitoa upotevu wote, utavuna kama 60Ah. Yaani inalipa ilichotumika. Siku mbili za mawingu, unazima friji.

Jihadhari na zile friji za bei rahisi za kwenye gari, ambazo hazina kompresa. Zinakula ampea 4 hadi 5 bila kupumzika, na zinashusha joto nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya hewa ya nje. Kwenye kabini ya nyuzi 34 umepata soda ya uvuguvugu na betri imekufa.

Waya ndiyo sehemu inayodharauliwa. Friji ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi. Kwa ampea 5, waya wa milimita 1.5 za mraba unapoteza kama volti 0.7 njiani. Betri ina 12.2, friji inaona 11.5, inajizima na wewe unamlaumu aliyekuuzia. Tumia milimita 4, upotevu unashuka hadi robo volti. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, maana shaba tupu inaota kijani ndani ya mpira wake na huioni. Fyuzi kuu iwe jirani kabisa na betri, chini ya shubiri moja. Na betri ya kuwashia injini iwe yake peke yake, isiguswe na friji, simu wala muziki.

Baba_Kigamboni

Mkuu FundiWaya, mnajitesa na feni za nini? Mimi nawaza kijenereta cha petroli nyuma na AC ndogo ya dirishani. Si watu wanalala fofofo?

FundiWaya

Watalala fofofo kweli mkuu, na wanaweza wasiamke.

Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu yake yenyewe. Boti ikiwa kwenye nanga kijenereta kikiwa nyuma, upepo na mkondo vikipingana kidogo tu moshi unarudi kwenye eneo la kukaa na kuingia kabini. Watu wamekufa hivyo nchi nyingi, tena kwenye boti za wazi, siyo za kufunga tu. Kijenereta cha kubebeka hakifai kutumika kwenye boti ya watu waliolala, nukta.

Ukitaka AC kwa betri, piga hesabu: ndogo kabisa ya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) inakula wati 800 au 900 ikizunguka. Usiku mmoja, hata ikipumzikapumzika, unahitaji betri za lithiamu za 100Ah nne au tano. Hizo betri ni hela nyingi.

Muscat_Mswahili

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Maskati boti nyingi za ukubwa huo zina AC, na nyuzi za kiangazi zinapita 40, kwa hiyo siyo anasa. Lakini AC inafanya kazi boti ikiwa imefungwa gatini na kuchomekwa kwenye umeme wa nchi kavu. Mkienda kutia nanga visiwani, AC inazimwa na watu wanatoa magodoro wanalala juu, chini ya turubai. Yaani tunarudi palepale anaposema Tezi_na_Omo. Nyinyi mnaofunga kwenye boya hamna pa kuchomeka, ya nini kubeba mzigo huo?

MamaWawili

Nashukuru mmefika huku lakini nimesoma majibu yote hayo sijaona choo. Wanaume bwana.

Nitasema wazi. Mwanamke akijua hakuna choo, hanywi maji tangu alfajiri. Saa nane kichwa kinamuuma, jua linampiga, ana hasira, na mume anasema "mke wangu hapendi bahari". Anapenda. Ana kiu.

Choo cha kubebeka chenye tangi la chini la lita 20 kinatosha watu wanne kwa siku mbili. Hakihitaji kutoboa boti, hakina pampu ya kuharibika. Unakifunga kwa mikanda sakafuni ili kisitembee, unamwaga nchi kavu kwenye choo cha kawaida, unasuuza. Vile vyoo vya kuvuta maji ya bahari vina koki iliyo chini ya usawa wa maji, na mpira wake ukichomoka boti inajaa. Kama boti imekuja nacho sawa, lakini kagua vibana mpira na ufunge koki kila mnapoondoka. Na msimwage mambo yenu mahali watu wanapoogelea, hasa kwenye hifadhi.

Choo kikiwa chini ya kitanda cha mbele, kama boti nyingi zilivyo, lazima kuwe na pazia la maana. Mimi nilishonesha pazia zito la reli, siyo kitambaa cha kuning'iniza. Ukiwa na wakwe ndani ya boti utanielewa.

La pili ni kuoga. Chumvi ikikauka mwilini halafu ukalala nayo ni mateso, watoto wanajikuna usiku kucha. Nunueni bomba la kupulizia dawa shambani, lile la mgongoni la lita 16, JIPYA, ambalo halijaguswa na dawa hata tone. Badilisheni ncha yake muweke ya bafuni. Unaoga baharini kwa sabuni ya maji, maana ya kipande haitoi povu kwenye maji ya chumvi, halafu unajisuuza kwa bomba. Lita 2 zinamtosha mtu. Ukiliacha juani kuanzia saa sita, jioni una maji ya moto bila umeme.

Maji ya kunywa yasichanganywe na ya kuoga. Watu wanne, lita 4 kila mmoja kwa siku, hiyo ni kunywa na kupika tu.

Tezi_na_Omo

Dada MamaWawili, hilo la bomba nimelichukua kama lilivyo. Na kwenye choo umesema kweli tupu.

Naongezea jambo la uzito maana tumeanza kujaza. Kila lita ya maji ni kilo moja. Betri, friji, madumu, choo, nanga na mnyororo wake, unafika kilo 300 hujapakia mtu. Boti za aina hii zinatembea kwa kupanda juu ya maji, zikilemewa zinabaki zimezama tumbo, unasukuma injini na mafuta yanakwisha. Injini ya fostroku ya farasi 115 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika inakula lita 17 hadi 20 kwa saa, ukiikamua hadi mwisho inakaribia 40. Kwa hiyo vitu vizito vikae katikati na chini, karibu na ngama, yaani lile tumbo la chini ya sakafu ambako maji hutuama. Watu wengi wanarundika kila kitu kabini mbele kwa sababu ndiko kuna nafasi, matokeo yake omo linachimba wimbi na kila abiria analowa.

Mimi badala ya friji nabeba boksi la barafu lenye kuta nene. Mabonge makubwa ya barafu yanakaa siku mbili mpaka tatu, iliyopondwa haifiki hata kesho jioni. Vinywaji boksi lake, nyama na samaki lake, maana boksi la vinywaji ndilo linalofunguliwa kila dakika. FundiWaya atanichukia, lakini kwa safari ya usiku mmoja friji haina haja.

FundiWaya

Sikuchukii. Nimeuliza unataka au hutaki.

Mtwapa254

Sasa watu wa Bongo. Huku Mtwapa tuko na hori, mkono wa bahari umeingia nchi kavu, Kilifi pia hori, boti inalala imetulia. Nyinyi mnaolala nje visiwani, mbona hakuna ameongea juu ya kuyumba? Godoro iwe nzuri namna gani, boti ikilala kwa ubavu kila sekunde tano hakuna usingizi.

Shida si upepo, ni lile wimbi refu linazunguka kisiwa. Upepo unaelekeza omo upande mmoja, wimbi linakuja na upande mwingine, linakupiga ubavuni usiku wote. Dawa ni kamba ya pili. Unaifunga kwenye kamba ya nanga, unaileta hadi shetri, yaani nyuma, unaivuta polepole mpaka boti igeuke na iangalie wimbi. Ukipoteza upepo kidogo kwenye kidirisha, sawa, heri hivyo. Kuna wengine wananing'iniza ubao wenye uzito chini ya maji kwa upande, na mti wa kuusukuma mbali na boti. Hupunguza.

Na nanga. Pwani hii maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanapanda na kushuka karibu mita 4. Mtu anafika maji yamekupwa, anaona kina ni mita 3, anatoa kamba mita 15 anasema ni mara tano ya kina. Saa sita baadaye kina ni mita 7, omo liko mita moja juu, jumla 8. Kamba yake sasa haifiki hata mara mbili. Hesabu yake ilitakiwa kuwa mita 40. Huyo hawezi lala, atashinda akiamka kuchungulia. Kwangu hiyo ndio starehe namba moja, kulala bila wasiwasi.

Mzee_Goshi

Wanangu, assalaam alaykum. Nimesoma kwa raha. Huyo kijana wa Mtwapa amesema maneno.

Mie nnaongeza machache. Chombo kinachonuka hakilaliki, na harufu haitoki kwenye godoro, inatoka ngamani. Maji yaliyotuama chini, tone la mafuta, gamba la samaki lililosahauliwa. Mnanyunyiza manukato kabini bure. Fungueni sakafu, suuzeni ngama kwa maji ya bomba na sabuni, kaushieni kwa sponji, acheni wazi jua liingie. Tena mkifanya hivyo mtaona mapema kama chombo kinavuja.

La pili, saa ya kuondoka. Dar na Unguja ni maili za bahari arubaini hivi. Kwa mwendo wa noti 18, yaani maili 18 za bahari kwa saa, ni saa mbili na kitu, lakini saa mbili za alfajiri si sawa na saa mbili za adhuhuri. Asubuhi upepo umetulia, mchana upepo unanyanyua maji, watoto wanatapika, na siku nzima imeharibika. Kusi inapoiachia nafasi kaskazi, upepo wa kaskazini, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, ndio wakati wa kuwazoesha familia. Msianze nao mwezi wa saba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, kwa chombo cha futi 26 hiyo ni siku ya kukaa barazani.

Anayechafukwa na moyo mwekeni shetri, chombo hakirukiruki sana huko, atazame upeo wa bahari, asitazame simu. Tangawizi husaidia. Na watoto jaketi okozi wazivae tangu gatini, zenye saizi yao. Jaketi kubwa likilegea, mtoto akianguka linapanda hadi masikioni na kichwa kinabaki chini.

Tezi_na_Omo

Shikamoo mzee. Hapo kwenye tahadhari za TMA nadhani kila mtu achukue.

Dogo_Faiba

Marahaba kwa niaba ya mzee, haha.

Mimi ni fundi faiba, naomba niseme kuhusu mbao. Mteja anakuja anataka kitanda, meza, kabati, anasema "tumia marini bodi". Ile marini bodi nyekundu au nyeusi ya madukani ni ya kumwagia zege. Jina ni hilo lakini ndani ina mapengo kati ya tabaka, maji yakiingia kwenye kona moja inavimba yote. Plaiwudi ya boti ya kweli ina mhuri wa BS 1088, ni ghali na siyo kila siku ipo. Ukikosa, tumia plaiwudi nzuri ya mbao ngumu, lakini kila ukingo na kila tundu la skrubu lishibe resini ya epoksi, mara tatu, kabla ya kufunga. Kingo ndizo zinazokunywa maji.

Zulia la kabini ng'oeni. Halikauki. Wekeni mpira wa povu ule wa kubandika, unaoshwa, hauteleziki, na miguu haiungui.

Mnaotoboa paa la kabini kwa ajili ya paneli au feni: ndani ya hiyo faiba kuna mbao laini au povu katikati. Toboa tundu kubwa kuliko unalohitaji, jaza epoksi, ikikauka toboa tena katikati yake ndipo upitishe boliti. Silikoni ya vioo haishiki muda mrefu pale.

MwanzaMoja

Sisi wa Ziwa Victoria tunawasikia na chumvi yenu. Huku stenlesi hata ya 304 inadumu, maji ya kuoga yamekuzunguka, ila msiogee kwenye matete kando kando, kichocho kipo. Shida zetu ni mbili. Dhoruba na radi hupenda kupiga usiku au alfajiri, kwa hiyo mahali pa kulala panachaguliwa kwa kuwaza saa tisa usiku. Ya pili ni wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi. Wakifika hakuna wavu wa mbu wa kawaida unaowazuia, matundu yawe madogo zaidi, na taa zote nyeupe zizimwe. Nimefunga taa za rangi ya njano iliyofifia, wanapungua sana.

MamaWawili

Hilo la wavu na huku lipo. Ukilala karibu na mikoko, kisiwa cha Kwale au kwenye delta ya Rufiji, mbu wanakuja na usubi wanakuja. Usubi unapita kwenye chandarua cha kawaida. Wavu wa matundu madogo unazuia na hewa kidogo, hapo ndipo feni inapofanya kazi yake, kwa sababu usubi hauwezi kuruka kwenye upepo. Kama mnaweza, tieni nanga mbali na mikoko mita mia mbili tatu hivi, tofauti ni kubwa kuliko dawa yoyote.

Baba_Kigamboni

Nimekubali yaishe, AC naiacha. Kupika je? Nina mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu.

Tezi_na_Omo

Huo usiuweke ndani mkuu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haitoki dirishani, inashuka ngamani na kutulia pale ikisubiri cheche ya pampu. Mvuke wa petroli nao ni vilevile. Mtungi ukae nje nyuma, kwenye boksi lenye tundu la chini linalomwagia baharini, na gesi ifungwe kwenye koki ya mtungi wenyewe kila mnapomaliza. Mimi napika nyuma tu, chini ya paa, nanga ikiwa imeshika, kwa presha kuka, maana hata boti ikiyumba haimwagiki. Pilau na chapati zinatoka nyumbani zimeiva. Baharini ni chai, mayai, na samaki kama mmepata.

Baba_Kigamboni

Sawa. La mwisho: kile kitanda cha mbele kina kona za ajabu, mbele chembamba nyuma kipana. Fundi makochi wa mtaani ataweza, au godoro naliagiza?

Tezi_na_Omo

Ataweza, ila usimpe vipimo vya futikamba. Chukua maboksi ya friji, yafungue, yalaze pale kitandani, kata kwa kisu kufuata ukingo wa faiba mpaka yakae bila kukunjika. Andika JUU upande wa juu, maana akigeuza tu godoro halitaingia. Kuta za boti zimeinama kwenda nje, kwa hiyo ukingo wa godoro ukatwe mshazari, mpe na pembe yake kwenye kipande kingine cha boksi. Sponji iwe nzito, unene sentimita 10 hadi 12. Kitambaa juu kiwe pamba, chini kiwe cha wavu ili lipumue. Na likatwe vipande viwili kwa urefu, kwa sababu chini ya kitanda ndiko kuna kifuniko cha tangi la maji na waya za FundiWaya, na hutaki kutoa godoro zima nje usiku wa mvua kwa ajili ya fyuzi moja.